Duara la Zambarau Chumbani kwa Mama

Mtu yule alinisemesha kwa lugha gani? Hadi leo sijui. Kwetu Kiswahili cha Unguja na Kiarabu huingiliana katika sentensi moja, na sikio limezoea kutoulizia mipaka. Maneno yake nayakumbuka yote. Lugha yake siikumbuki. Nayasimulia kama yalivyonifika, bila ya kuongeza chumvi.

Nilikuwa namalizia nyumba yangu mtaa wa Hail. Mama alikuwa amelazwa hospitalini kwa kuvunjika nyonga, na kesho yake nilikuwa nimchukue aje akae nami. Nilimtengea chumba cha chini, asihangaike na ngazi. Katikati ya sakafu yake nilikuwa nimelaza duara la jiwe la zambarau iliyokoza, lenye chembe nyeupe. Nimesomea historia ya majengo ya kale, na nililitambua mara moja kwa muuza marumaru wa Hamriya, limeegemezwa ukutani kama sinia: kipande cha nguzo ya Kirumi. Warumi walilichimba jiwe hilo katika jangwa la Misri, kwa mikono ya wafungwa, wakapambia sakafu za watawala wao. Mdogo wangu Salim alicheka.

"Dada, wewe na mawe yako! Mwisho utaposwa na nguzo."

"Bora nguzo, haikoromi."

Alasiri ya kuamkia siku ya kumchukua Mama, Salim alifunga mlango wa mbele akaenda soko la Mawaleh kumnunulia matunda. Nilikuwa juu natundika mapazia niliposikia sauti chini: "Hodi."

"Karibu!" nikaitika. Ningeitika nini kingine? Tumelelewa hivyo, karibu hututoka kabla jicho halijamwona mgeni. Niliposhuka, mlango ulikuwa bado umefungwa kwa ufunguo.

Alikuwa chumbani kwa Mama, amechuchumaa juu ya duara. Mtu mwembamba, kope na nyusi zimejaa vumbi jekundu. Alitema mate kiganjani akalisugua jiwe, kama wafanyavyo mafundi marumaru wanapotaka kuiona rangi yake. Na kila alipopitisha mkono, zambarau iliamka, ikawa mbichi kama nyama. Kisha akaanza kuipima sakafu kwa shibiri, kutoka kwenye jiwe kuelekea ukutani, polepole. Akakoma penye urefu wa mtu. Utaniamini nikikwambia kwamba sikuweza hata kupiga kelele?

"Penye jiwe hili hulazwa mkubwa," akasema. "Nani atakayelala hapa?"

Nilijua anauliza nini. Nilikwisha kusoma kwamba katika jiwe hilohilo walichongewa wafalme majeneza yao. Lakini mgeni uliyemkaribisha akiuliza, hujibiwa. Adabu ilitangulia, akili ikafuata nyuma.

"Mama yangu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kama fundi aliyepokea kazi. Adhana ya magharibi ikaanza. Niligeuza uso dirishani, na nilipourudisha hakuwapo. Jiwe lilikuwa limelowa. Nikasoma Ayatul Kursi mpaka ulimi ukakauka.

Salim aliporudi nilimweleza yote. Safari hii hakucheka.

"Tuling'oe sasa hivi, dada. Tukalitupe mbali."

"Jiwe litang'oka, Salim. Na Mama niliyekwisha kumtaja?"

Akayaweka chini matunda ya Mama.

Mama yu hai, namshukuru Mungu. Anatembea kwa mkongojo na bado ananilaumu kwa kumnyima kile chumba chenye jiwe zuri. Jiwe hulowa kila alasiri, hata katika joto la Juni, na mimi hulikausha kabla hajapita. Nawe unayenisoma, ukibishiwa hodi uliza kwanza ni nani. Na asiyejulikana akikuuliza habari za nyumba yako, usimtaje umpendaye.

Asubuhi ile iliyofuata ujio wa yule mtu, kabla ya kwenda hospitalini, mimi na Salim tulikihamishia kitanda cha Mama chumba cha mbele, tukakishusha changu na kukiweka pale palipopimwa. Salim alipotoka kuwasha gari, nilipiga magoti nikaweka kiganja juu ya jiwe.

"Nilikosea kukwambia," nikasema. "Atakayelala hapa ni mimi."