Wageni wa Mwinuko wa Kakao

Mama yangu, anayeuza viazi na karoti katika soko moja la Butembo, hajawahi kukubali kwamba kazi yangu ni kazi. Wenzake wakimwuliza binti yake anafanya nini, huwajibu kwamba napima mvua. Nimemweleza mara nyingi kwamba natembelea misitu na vinamasi vinavyolindwa, ili kujua ni wanyama gani wataumia mto ukifurika na wapi wanaweza kukimbilia. Siku moja alinisikiliza hadi mwisho huku akipanga viazi vyake, halafu akauliza, "Donc nyama haijue kukimbia yenyewe, mpaka bakutume weye?" Wateja wawili walicheka. Nami nilicheka, ingawa nilichelewa kidogo.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Napenda karatasi iliyonyooka, namba inayosomeka na mtu anayejibu swali nililouliza, si lile analolipenda yeye. Kazini wananivumilia kwa sababu hasira zangu hazikai. Asubuhi nanuna, mchana nimeshasahau, jioni naomba radhi kwa mandazi.

Safari ninayoisimulia ilikuwa ya kwenda upande wa Mbau, kwenye barabara ya kutoka Beni kwenda Oicha. Wanakijiji wa huko wana hifadhi yao ndogo, kipande cha msitu na kinamasi kando ya mto, anapoishi nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu na manyoya yanayoonekana kila siku kama yamelowa. Wengi hudhani mnyama huyo haogopi maji, kwa kuwa akisikia mbwa hujizamisha na kubakiza pua tu. Lakini mtoto wake hulazwa juu ya majani yaliyokanyagwa katikati ya mafunjo, na mto ukipanda ghafla kitanda hicho kinaondoka. Wakubwa nao hutoka kutafuta pakavu, na huko hukutana na mbwa na mitego.

Pakavu palikuwa pawili tu. Kulikuwa na mwinuko wa msituni, ambao ni mali ya hifadhi, na mwinuko wa kakao, ng'ambo ya kijito, ambao ni shamba la mama mmoja mjane. Kakao ile ndiyo iliyomsomeshea watoto na kumwezekea nyumba mabati. Nilichotumwa kujua kilikuwa kitu kimoja: mafuriko yanapokuja, je, mwinuko wa msituni unabaki juu ya maji? Ukibaki, nzohe wana pa kwenda na mama ana shamba lake. Ukizama, basi fishi yangu, ile fomu ya ripoti, ingependekeza mwinuko wa kakao uingizwe kwenye hifadhi, na fishi hiyo ilisema wazi kwamba ardhi ya kukimbilia iwe tupu, bila kilimo.

Namna ya kujua ni rahisi. Maji yakishuka huacha matope kwenye mashina ya miti na nyasi kavu kwenye matawi. Unapima kutoka ardhini hadi pale tope linapoishia, unaandika, unakwenda mti mwingine. Mafuriko ya mwisho yalikuwa na miezi mitatu tu, kwa hiyo nilijua nitazikuta alama zote. Nilimpigia simu mwenyekiti wa kamati ya hifadhi, mzee mchangamfu anayeongoza kwaya kanisani kwake, nikamwambia tunakuja wiki mbili zijazo kuona jinsi maji yalivyoacha msitu.

"Hapana kuogopa, Madame," alinijibu. "Mutakuta kila kitu iko propre."

Propre ni safi, na ningetakiwa kushtuka hapohapo. Nimekulia Butembo, katika nyumba ambayo padri akitangaza kupita mtaani tulikuwa tunafagia hadi nyuma ya choo. Najua mgeni hufanywa nini kwetu. Lakini nilikata simu nikaendelea kunywa chai.

Nilishuka Beni siku moja kabla, nikavua sweta la Butembo kama kawaida, na kesho yake nikapanda pikipiki hadi Mbau, maana juma lile barabara ilikuwa imetulia. Mwenyekiti alinipokea kwa mikono miwili. Alikuwa pamoja na yule mama mwenye kakao, mwanamke mfupi, mkavu, kitenge chake kimefungwa imara kama mzigo wa safari. Njiani niliwaeleza wote wawili kazi yangu na maana ya matokeo yake, pamoja na habari ya shamba. Sipendi kumficha mtu jambo linalomhusu. Mama aliitikia kwa kichwa na kusema, "Nimesikia, binti yangu."

Tukaingia hifadhini. Sikuamini macho yangu.

Msitu ulikuwa umefagiwa. Nyasi kavu zote zilikuwa zimeondolewa kwenye matawi. Kando ya njia walikuwa wamepanda maua. Na miti, kuanzia ukingo wa mto hadi juu ya mwinuko wa msituni, ilikuwa imepakwa chokaa nyeupe, kama ile ya uwanja wa shule siku mkaguzi anapokuja. Hakuna tope hata tone.

"Nani alibatuma mupake miti?" niliuliza.

"Tulifanya salongo, Madame," mwenyekiti alisema kwa furaha. "Jumamosi mbili. Kijiji muzima. Hakuna mutu alibakia ku nyumba. Miti ilikuwa buchafu sana, ile maji iliacha matope mpaka huku." Akaonyesha kifua chake, kisha akaonyesha tumbo, kisha akakiri kwamba hakumbuki.

Salongo ni kazi ya pamoja, na watu wetu wakiishika hawaiachi mpaka ing'ae. Walikuwa wamefuta ushahidi wangu wote kwa upendo, mti mmoja baada ya mwingine, kwa brashi na chokaa. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Nilichofanya ni kununa. Niliwaambia kwamba hata hiyo chokaa yenyewe imepakwa vibaya, mti mmoja hadi kifuani, mwingine hadi gotini, kana kwamba aliyeshika brashi alikuwa ametoka kunywa pombe ya kasiksi. Mwenyekiti alitazama viatu vyake. Maneno yale yalinisuta palepale, lakini nilikuwa bado sijafika mchana.

Mchana ulifika pamoja na ugali wa muhogo, sombe ya majani yake na samaki, chini ya paa la mabati la yule mama. Fishi yangu ilikuwa mezani, tupu. Nilikuwa nimeshaamua nitakachoandika, kwamba alama hazikupatikana. Ripoti ya namna hiyo huingia kwenye kabati la ofisi yetu, pale bureau, na haitoki. Mwinuko wa kakao ungebaki wa mwenyewe. Kusema kweli, wazo hilo lilinipa nafuu, kwa sababu sombe ilikuwa tamu na mama alikuwa ameniongezea mara mbili bila kuniuliza.

Mama alimaliza kula. Alinawa mikono, akaifuta kwenye kitenge, akakaa mbele yangu.

"Binti yangu, weye unatafuta matope, na matope iko chini ya chokaa," alisema. "Ile salongo ni mimi nilisimamia bamama. Tulipaka fasi ya buchafu tu. Chokaa ilikuwa kidogo, hapana kuharibu. Fasi muti ilikuwa propre, tuliacha."

Fasi ni mahali: palipokuwa na tope ndipo walipopaka, na tope lilipoishia ndipo brashi iliposimama. Halafu nikainuka na kijiko bado mkononi.

Mwenyekiti alikwenda kuazima mpira wa maji kwa fundi mwashi wa jirani, ule mrija mrefu unaoonyesha ndani, ambao waashi hutumia kusawazisha kuta. Tukashika ncha mbili, yeye kwenye mti uliopakwa hadi kifuani, mimi kwenye ule uliopakwa hadi gotini, hatua arobaini juu zaidi ya mteremko. Maji ndani ya mpira yalitulia. Kwake yaligusa mwisho wa chokaa. Kwangu pia yaligusa mwisho wa chokaa. Tukaenda mti mwingine, na mwingine. Ardhi ndiyo iliyokuwa ikipanda na kushuka. Mstari wa chokaa ulikuwa umenyooka kama meza. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kupata alama safi kama zile, na nilimwomba mwenyekiti radhi kwa habari ya kasiksi. Alicheka mpaka mpira ukamwagika.

Tulipofika juu kabisa ya mwinuko wa msituni, kicheko kilikwisha. Hata pale chokaa ilifika gotini. Mwinuko wote ulikuwa umezama. Tulivuka kijito hadi shamba la mama. Safu ya kwanza ya kakao, ile ya chini, ilikuwa imepakwa kidogo kwenye vifundo vya mashina. Safu ya pili haikuwa na chokaa, wala ya tatu, wala ile iliyozunguka nyumba.

Mama alikuwa ametufuata polepole.

"Mama, nikiandika hii, unajua inaenda wapi?" nilimwuliza.

"Minajua. Asubui nilikusikia."

"Naweza kuandika kama alama hazikuonekana."

"Alama ziko," alisema. "Ni mimi niliipaka."

Kisha akaeleza, bila haraka, huku akiokota majani makavu kwenye matawi ya kakao. "Miaka tatu sasa, maji ikijaa, banyama banakuja kusimama humu. Hapana kula kakao. Banasimama tu, mu kivuli. Sikuambia mutu, juu bangesema shamba ni ya banyama. Lakini hii maji ya mwisho, moja alikuja peke yake. Mutoto, maji ilibeba. Alisimama siku mbili anaangalia kule ku mafunjo." Akalitupa jani. "Mi pia nilizika mutoto. Andika."

Niliandika. Nilimpenda mama yule kuliko nilivyompenda mtu yeyote kwa muda mrefu.

Lakini kulikuwa na neno moja katika maelezo yake lililokataa kuniacha, nalo ni kivuli. Kama nzohe walikuwa wakija miaka mitatu kusimama ndani ya kakao, basi kakao ndiyo iliyowaita. Kuing'oa ili kuwapa uwanja mtupu kungekuwa kuwaondolea paa kwa nia njema, na nia njema nilikuwa nimeshaiona kazi yake asubuhi ile. Kesho yake tulipita shambani tukipekua, tukakuta nyayo ndefu zilizokaukia kwenye udongo na kinyesi cha zamani chini ya majani, hadi karibu na ukuta wa jiko. Nilipiga picha mpaka simu ikazima, na kwenye ripoti nikapendekeza kakao isiguswe.

Mkuu wangu wa Butembo alisoma ripoti akaniita. Aliniuliza tangu lini shamba la kakao limekuwa makazi ya wanyama wanaolindwa. Nilimjibu kwamba tangu miaka mitatu iliyopita, na kwamba fishi yake ndiyo iliyochelewa. Tuligombana vizuri, mlango ukiwa wazi, na kila aliyekuwa bureau alisikia. Nilirudi mchana na mandazi. Alikuwa amesaini.

Kamati ya Mbau ilikutana baada ya ibada ya Jumapili. Walikubaliana kakao ibaki ya mama, na siku za maji asiingie mtu, mbwa wala mtego, hata mwenyewe asivune. Mtu mmoja aliuliza matunda yatakayoiva siku hizo yatakuwaje. Mwenyekiti alisema kijiji kitamvunia kabla ya mvua kubwa, kwa salongo, na akatazama upande wangu. Nilimwambia hiyo ninairuhusu.

Mvua zilipoanza nilikuwa sokoni kwa mama yangu, nimejikunyata chini ya turubai, simu ikaita. Alikuwa yule mama wa kakao. Sauti yake ilikuwa chini kabisa.

"Bageni bamefika," alisema. "Jana mangaribi."

"Ngapi?"

"Sikuhesabia. Iko moja na mutoto. Balilala karibu na jiko yangu, pale pa majivu."

Nilimwuliza yuko wapi. Akasema yuko kwa jirani tangu jana, ng'ambo ya shamba, anawaona kupitia mlangoni. Alikuwa ametoka bila sufuria, bila kitenge cha kubadili, na hakutaka kurudi kuvichukua. Nilimwambia sikumsikia vizuri kwa ajili ya mvua, apaaze sauti kidogo, maana kutoka kule kwa jirani hakuna mnyama ambaye angemsikia.

"Hapana," alinong'ona. "Mutoto amelala."