Sabuni ya Kunegunda na Alkali Iliyopungua Nguvu

Kunegunda wa Mjimwema alikuwa ametunza maabara ya sekondari miaka kumi na tisa, na muda wote huo hakuwahi kumwamini mtu. Hata bomba la maji alilifunga, kisha akarudi kulishika tena, lisije likamdanganya. Tatizo lake moja tu: nyumbani alipika sabuni ya kuuza. Na sabuni hupikwa kwa kostiki soda, ileile inayotengenezewa alkali ya wanafunzi. Hapo umbea ungekosa vipi pa kukaa?

Basi kidato cha nne wakafanya titresheni, kupima nguvu ya alkali kwa asidi. Alkali aliyoitengeneza yeye ilipaswa kumalizwa na asidi sentimita za ujazo ishirini na tano. Ikamalizwa na ishirini na nne. Darasa zima! Mwalimu Romanus, kijana wa shahada na viatu vya kung'aa, akapiga hesabu, akakimbia nayo kwa mkuu wa shule: nguvu yake si molari sifuri nukta moja, ni sifuri nukta sifuri tisa sita. Alkali imetiwa maji.

"Mama, kostiki iliyopungua iko wapi?" akauliza Mwalimu Rupert, mkuu wa shule, huku akiinusa kwa mbali kanga ya Kunegunda yenye harufu ya sabuni. "Bila jibu, kazi huna."

Kunegunda akamkazia macho Romanus. Huyu ana shemeji anayetafuta kazi, akawaza.

"Twendeni maabara. Apime yeye, chupa ileile. Mimi siigusi."

Romanus akaosha pipeti, mrija wa kupimia, bombani, akaikung'uta, akavuta alkali, akaitia rangi ya kiashiria, akaidondoshea asidi kutoka kwenye bureti mpaka umanjano ukageuka. Ishirini na nne.

"Umeona, Mama?"

"Nimeona. Maji ya bomba yaliyobaki humo ndani umempa nani?"

Romanus akaichungulia pipeti.

"Isuuze kwa alkali yenyewe kwanza, mwanangu. Au chuoni mlikuwa mnaosha vyombo tu?"

Akasuuza shingo upande. Ishirini na tano. Rupert naye hakuamini, akataka irudiwe. Ishirini na tano. Kumbe ndivyo Romanus alivyowafundisha wanafunzi wote: maji kila mara, eti usafi, na maji hayo ndiyo yaliyoipunguza alkali nguvu.

"Haya, Mama, yaishe. Endelea na kazi."

"Hayaishii humu. Umeniita mwizi mbele ya walimu."

Kesho yake, kwenye chai ya saa nne, Rupert akasimama, akakinung'unikia kikombe chake kwamba Mama si mwizi.

"Kwa sauti, mwalimu," akasema Kunegunda kutoka mlangoni. "Huku nyuma hatusikii."