Ukurasa wa Kwanza wa Kitabu cha Katapila

Harufu ya dizeli ilitangulia, ndipo Ghati akaingia darasani. Baba yake aliendesha katapila mgodini, na enzi zile za dhahabu pale Kewanja, dereva wa katapila alikuwa mtu hasa. Sare ya Ghati ililowekwa pamoja na ovaroli za baba yake, ikanukia mashine, nami niliivuta harufu ile kwa uchungu. Baba yangu alikuwa mhunzi. Aliokota meno ya katapila yaliyolika na kutupwa, akayachoma na kuyagonga hadi yakawa mapanga na majembe. Kijiji kizima kililima kwa majembe yetu, lakini hakuna aliyetaka kuoa kwetu. Watoto waliniita omoturi, yaani mhunzi, wakacheka.

Siku moja Ghati alileta kitabu cha picha za rangi ambacho baba yake alipewa na wageni waliokuja kufundisha mashine mpya. Kilikuwa historia ya kiwanda kilichounda makatapila yale, tangu mashine za mvuke hadi malori yenye matairi yaliyoipita nyumba yetu kwa urefu. Mwalimu alikisifu mno, akasema baada ya mapumziko Ghati angesimama mbele atusimulie. Niliona wivu. Kitabu chenyewe sikukitaka. Nilitaka Ghati asiwe nacho. Wenzangu walipotoka, nilikifungua, nikachana ukurasa wa kwanza bila hata kuutazama, nikauficha kwenye sketi.

Ghati akaanzia kwenye mvuke. "Sasa nani alikianzisha kiwanda hicho?" mwalimu akauliza. "Palikuwa na ukurasa, mwalimu. Sijui umeenda wapi," akasema, akaanza kulia. Nilifurahi, sifichi. Nilipofika nyumbani nikaukunjua nyuma ya choo. Kulikuwa na picha ya mtu mwenye aproni ya ngozi, nyundo mkononi, mvukuto wa kupulizia moto nyuma yake, majembe yametundikwa ukutani. Kwa Kiingereza changu cha kubahatisha nikasoma chini yake: hapa ndipo tulipoanza.

Nikampelekea baba. Alifuta masizi mikononi kabla ya kuushika.

"Mbona huyu ni omoturi!" akasema. "Umeutoa wapi, mama?"

"Nimeuokota, tata. Ni wa kitabu cha Ghati."

"Basi kesho mrudishie. Darasa zima liuone."

Sikuurudisha. Ningeitwa mwizi juu ya kuitwa omoturi. Kesho yake baba alinisubiri njiani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Wameuona?"

"Wameuona."

"Wakasemaje?"

"Wamenyamaza, tata."

Alicheka sana, akarudi kwenye mvukuto wake akiimba.

Siku hizi mapanga ya sokoni yanatoka viwandani, na banda la baba limebaki nguzo mbili. Ghati mwenyewe anaendesha lori la mgodini. Tukikutana hunikumbatia, naye bado ananukia dizeli, na wivu bado hunipanda, kwa kuwa yeye hana anachonificha. Ukurasa ninao, nimeukunja mara nne. Baba alikufa akiamini kwamba darasa zima liliuona.