Nani Atalisha Mtambo?

Mtoto wangu alifikisha miezi saba na mama yangu hajawahi kumwona. Kutoka Uriri hadi kwetu Rangwe si mbali. Kilichonizuia ni shimo la mavi.

Mtambo wa gesi ulijengwa nyuma ya zizi la mama mkwe mwaka nilioolewa. Kila asubuhi, mtoto mgongoni, nilikoroga mavi ya ng'ombe na maji, nikatoa majani kwa mkono, nikamimina uji ule shimoni. Humo vijidudu vinakula na kutoa gesi, na gesi inapita kwenye bomba hadi jikoni kwa mama mkwe. Si kwangu. Mimi sikuwa na jiko. Mke mgeni hupika kwa mama mkwe mpaka apewe lake. Sikatai, moto ule ulikuwa mzuri, wa buluu, bila moshi, na kuni nilikuwa nimezisahau. Lakini kila nikiomba wiki moja tu nikaonyeshe mtoto kwetu, jibu ni lile lile: nani atalisha mtambo? Nikampigia mume wangu, anafanya kazi Migori mjini. Akasema nimsikize mama.

Halafu ng'ombe aliyenunuliwa mnadani Ogwedhi akaja na kikohozi, akaambukiza wengine wote. Daktari wa mifugo akawadunga siku tano mfululizo. Mimi nilimaliza kidato cha nne, biolojia niliisoma. Dawa ya kuua viini mwilini mwa ng'ombe hutoka na mavi, na huua hata vile vya shimoni. Nikamwambia mama mkwe mavi ya siku hizo tuyatupe kwenye mahindi.

Alicheka. "Nyar Rangwe," yaani binti wa Rangwe, "shule yako iliisha. Mavi ni mavi. Mimina."

Nikamimina. Yote, bila kubakisha.

Siku chache baadaye moto ukawa mdogo kama wa mshumaa, kisha ukazima. Nikarudia kuni. Fundi akaja, akasema shimo lisafishwe, lijazwe upya, na tukipata uji wa mtambo ulio hai, gesi itarudi haraka, kama vile mala ya jana inavyogandisha maziwa ya leo. Nikadakia kwamba jirani wa mama yangu ana mtambo kama huu. Nitaenda na mtungi.

Mama mkwe akasema ni wazo zuri. Akanyoosha mikono, akafungua leso, akamtoa mtoto mgongoni mwangu.

"Huyu atabaki. Ndio usisahau njia."

Nikasema ananyonya. Akasema uji wa wimbi upo.

Nilipofika Rangwe, mama yangu alikuwa anaanua nguo. Aliponiona aliangusha shuka, akaja mbio akanizunguka kuangalia mgongo. Kisha akaangalia mtungi.

"Mjukuu wangu yuko wapi?"

Nikamwambia amebaki ili nirudi. Tulienda pamoja kwa jirani, akanishikia faneli nikijaza, blauzi yangu imelowa maziwa. Nikiondoka alinipa kofia aliyomfumia mtoto kabla hajazaliwa.

Nilipofika Uriri mtoto alikuwa analia. Mama mkwe, amempakata, akanionyesha shimo kwa kidevu. Nikamimina kwanza. Nikanawa. Ndipo nikapewa mwanangu.

Kofia haikumwingia.