Uzinduzi wa Choo cha Mama Noela

Choo cha Mama Noela kilianguka Jumapili baada ya ibada, na katekista Marcel alikuwa ndiyo kwanza ametoka humo, hajafunga hata mkanda. Alisikia kishindo nyuma yake. Alipogeuka, mahali alipokuwa amechuchumaa muda mfupi uliopita palikuwa shimo tupu na vumbi linapanda. Akafanya ishara ya msalaba kwa mkono uleule uliokuwa umeshika suruali. Suruali ikashuka. Kina mama waliokuwa wakimsubiri kwa chai wakageukia ukutani kwa heshima, lakini waliona, wote waliona, na mpaka leo akisimama kusoma somo kuna wanaokohoa makusudi.

Aliyecheka wa kwanza ni mwenye choo. Ndivyo alivyo Paskalina, Mama Noela mwenyewe. Ni Msumbwa wa Ushirombo, mtoto wa wakulima waliosali rozari kila jioni na kuongea kwa sauti ya chini, na mdomo ule sijui aliuokota wapi. Makoye alimkuta sokoni anauza karanga. Makoye alikuwa Msukuma wa Tinde, kijana mrefu mwenye meno mazuri na viatu vibovu, anafuata dhahabu popote inaposikika. Akamwambia, “Paskalina, ukinikubali nitakukalisha juu ya dhahabu.”

Paskalina akaviangalia vile viatu. “Wewe mwenyewe unatembelea kidole gumba,” akamjibu, “mimi utanikalisha wapi?”

Akamkubali hivyo hivyo. Wakahamia Mwanholo, kwenye barabara ya kutoka Kahama kwenda Geita, kijiji ambacho ukienda shambani usiku bila tochi unalala shimoni. Makoye akachimba, Paskalina akatwanga. Hiyo ndiyo kazi yake mpaka leo: wachimbaji wanamletea mawe, anayavunja kwa nyundo, anayatwanga kwenye kinu cha chuma mpaka yawe unga, kisha anauosha unga ule kwenye karai, anauzungusha na maji polepole hadi mchanga uondoke na kinachong'aa kibaki chini. Ukimpa mkono kumsalimia, jiandae.

Ila kulisogelea duara lenyewe, yaani lile shimo la kuchimbia, marufuku. Wachimbaji wa kule wanaamini mwanamke aliye kwenye siku zake akipita karibu na duara dhahabu inakimbia. Akijisaidia humo ndiyo usiseme kabisa, inahama mkoa. Mlinzi mkuu wa sheria hiyo alikuwa Meshack, mdogo wake Makoye. Paskalina akipeleka chakula tu, Meshack anapiga kelele kutoka mbali, “Shemeji! Ishia hapo hapo!” Paskalina anaishia hapo hapo, anatua sufuria chini, anatukana kidogo, anarudi kwenye kinu chake. Ametwanga mawe siku zote za mwezi, zile safi na zile wanazoziogopa, na hajaona hata chembe moja ikiinuka kwenye karai ikatoka mbio.

Kisha ikaja mvua ile mbaya. Magogo yaliyozuia kuta za duara yakaachia, kifusi kikashuka, na Makoye alikuwa chini. Wenzake walifukua kidogo wakaacha. Wakasema udongo ni tope, atakayeingia hatatoka, na huyu tayari amekwisha, basi duara liwe ndilo kaburi lake. Meshack naye akasema hivyo hivyo, huku analia. Paskalina hakulia. Alikwenda akakaa kwenye mdomo wa duara, pale pale alipokatazwa maisha yake yote, akaanza kuwatukana. Aliwatukana kwa Kisumbwa, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, mmoja mmoja kwa jina la mama yake, jua likazama likachomoza bado anatukana, mpaka wanaume wakaona heri tope kuliko mdomo wa yule mama. Wakamtoa Makoye. Akazikwa nyuma ya nyumba yake, karibu na mpapai, kama mtu. Duara lile halikutoa tena hata chembe, na Meshack akatangaza kijiji kizima kwamba shemeji yake ndiye aliyeifukuza dhahabu kwa kuikalia.

Tangu hapo Paskalina ana msimamo mmoja: kwenye kiwanja chake kuna mashimo ya aina mbili tu, kaburi na choo. Mengine yote wakachimbe kwao.

Sasa choo ndicho hicho kimeanguka. Akamwita fundi Mihayo, ambaye amechimba vyoo vya nusu ya kijiji na anazijua siri za nusu hiyo. Mbele ni barabara, kulia ni kisima cha jirani, kushoto shimo la zamani limeshaharibu ardhi. Pakabaki nyuma, kati ya jiko na kaburi. Paskalina akamwomba radhi mumewe kwa ujirani huo na Mihayo akaanza kuchimba.

Alipofika kina cha kuzama yeye na ngazi yake, sururu ikalia ngo! Mihayo, mtu anayeongea hata akiwa na chakula mdomoni, akanyamaza. Akapanda na jiwe, akaliweka mbele ya mlango wa jiko. Jiwe jeupe, lina michirizi ya kutu.

“Mayu,” akasema. Mama, kwa Kisukuma, na sauti yenyewe ilikuwa ndogo.

Paskalina hakuuliza. Alilivunja, akalitwanga, akaosha. Mchanga ukaondoka na pale chini ya karai ukabaki mkia wa njano, mnene kama ukucha wa kidole kidogo. Miaka yote aliyotwangia watu hakuwahi kuona mkia kama ule. Moyo ulimruka, tusidanganyane. Aliliona bati jipya juu ya nyumba. Alimwona Noela, binti yake anayeshona nguo za watu pale Nyasubi, mjini Kahama, kwenye kibaraza cha kukodi, ana duka lake mwenyewe na kibao kimeandikwa jina. Alijiona yeye mwenyewe amekaa, anatwangiwa na wengine.

“Mwamba unaelekea wapi?” akauliza.

Mihayo akanyoosha mkono taratibu. Ulianzia shimoni, ukapita juu ya majani ya magimbi, ukaishia kwenye mpapai. Chini kabisa ya Makoye.

Paskalina akamwaga kile kilichokuwa kwenye karai, chote, kwenye majani. “Fundi, umeona nini humu?”

“Sijaona kitu.”

“Apa.”

Mihayo akaapa kwa mama yake mzazi. Mama yake mzazi alikuwa wa kwanza kuambiwa, na kabla jua halijapoa picha ya shimo ilikuwa kwenye simu za watu hadi Kahama.

Meshack alifika na bodaboda, amebeba sukari na soda, na nyuma yake Enock, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye haendi penye soda asipate moja.

“Shikamoo shemeji,” akasema Meshack, ameinama mpaka shati limetoka kwenye suruali.

“Marahaba. Nani amekufa?”

“Hakuna aliyekufa, shemeji. Ni baraka. Kaka ametukumbuka.”

Akayamwaga yote aliyopanga. Kesho asubuhi angeleta vijana na kamba. Wangefungua duara pale pale kwenye shimo la choo. Kiwanja kilikuwa cha kaka yake, kwa hiyo ni cha ukoo, na ukoo ni yeye. Na kuhusu kaburi shemeji asiwe na wasiwasi, wangemhamishia kaka kanisani, jeneza jipya, na kwaya juu.

Paskalina akaweka chini kikombe. “Meshack, alipokuwa shimoni ulisema aachwe. Leo amelala kwake, amepumzika, unasema atolewe. Mna nini nyie na mume wangu? Nilimtoa ardhini mara moja kwa mdomo huu. Simtoi tena na hatolewi.”

Meshack akaangalia soda. Enock akaona ni zamu yake, akakohoa. “Mama Noela, madini ni mali ya serikali. Wewe una haki ya juu tu.”

“Basi na mimi nakwenda haja kwa juu. Serikali ikitaka ya chini ije ishike taa.”

Wakaondoka, lakini nia yao haikuondoka. Kufika jioni kulikuwa na watu wasiojulikana wamekaa kwenye uzio na ndoo zao, wanapima kiwanja kwa macho. Mama mmoja alikuwa ameshatandika meza ya maandazi. Mwanholo inajua maana ya maandazi: rashi imeingia, ule mmiminiko wa watu wanaofuata dhahabu, na rashi ikiingia haibakizi nyumba wala kaburi. Paskalina alisimama kati ya jiko na mpapai na kwa mara ya kwanza tangu mazishi aliogopa. Wangekuja wanaume wengi kuliko matusi aliyonayo.

Alipokuwa amesimama hivyo akakumbuka ile sauti. Shemeji! Ishia hapo hapo!

Akaanza kucheka peke yake. Akamwita Mihayo, ambaye alikuja anaburuza miguu kwa aibu. “Fundi, dhambi yako utailipa kwa kazi. Weka magogo juu ya shimo, weka na zege la kuchuchumalia uliloleta. Kuta zungushia magunia. Nataka kiwe tayari kesho kabla ya sala.” Kisha akaloweka maharage, sufuria kubwa ile ya misiba, na akatoa kwenye ghala matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, ambavyo kila Msukuma anavipenda na kila Msukuma anajua vinavyomfanya akivichanganya na maharage.

Kesho yake ilikuwa zamu ya jumuiya ya kanisa kusali kwake. Kina mama wakaja na rozari zao, wakasali haraka kuliko kawaida kwa sababu ya harufu ya jikoni, wakala. Paskalina aliwaongezea. Aliyesema ameshiba aliongezewa zaidi. Ndipo akasimama akawaeleza jambo lote, la Makoye na la kamba zinazokuja, asifiche chochote isipokuwa ule mkia wa njano.

“Wenzangu,” akamalizia, “choo changu kipya hakijazinduliwa.”

Rhoda, jirani yake, ndiye aliyeelewa kwanza, akapiga kigelegele, na tumbo lake likamuunga mkono.

Meshack alipoingia na vijana wake, Enock mbele akiwa na karatasi fulani mkononi, alikuta foleni. Wanawake wa jumuiya wamejipanga kutoka mlango wa magunia mpaka jikoni, kila mmoja na kopo lake la maji, wanaimba wimbo wa Bikira Maria, na wanaotoka wanawapa mkono wanaoingia.

“Mnafanya nini hapa?” akauliza Meshack. Macho yalikuwa yameshaona.

“Tunazindua,” akasema Paskalina. “Karibu, shemeji. Ila wewe pale usisogee, ishia hapo hapo.”

Kijana mmoja mwenye kamba begani akauliza kwa woga, kama mtu anayeulizia habari za mgonjwa, “Samahani, mama zangu. Kuna... kuna mwenye siku zake humo?”

“Mimi!” akapaza sauti Rhoda.

“Na mimi!” “Na mimi hapa!” Foleni nzima ikainua makopo.

“Na mimi!” akasema Bibi Juliana, aliyekuwa anashikiliwa pande mbili ili asianguke, na ambaye kitinda mimba wake ni babu wa watu.

Yule kijana akaivua kamba begani. “Imekwenda hiyo,” akawaambia wenzake. “Hata kama ilikuwepo, saa hizi iko Singida.” Wakaokota ndoo zao. Wale wa kwenye uzio hawakungoja hata kuaga, na mama wa maandazi akafunika beseni lake akauliza njia ya kijiji kinachofuata. Enock akasimama kidogo ili aonekane ameondoka kwa hiari yake, akaona hakuna soda, akaondoka.

Akabaki Meshack, mikono kichwani. Ndani ya magunia ikasikika sauti ya mtu mzima aliyekula sana, na Meshack akafumba macho kama aliyepigwa. “Shemeji,” akasema, “umetumaliza. Ilikuwa ya kutosha wote.”

“Kamwamkie kaka yako,” akasema Paskalina. “Yuko pale kwenye mpapai. Hujamsogelea tangu tumzike.”

Meshack alikwenda. Alisimama pale muda, mgongo umewaelekea. Paskalina hakusikia alichosema, na hakwenda kusikiliza.

Mchana kina mama walitawanyika, wepesi na wenye furaha. Mihayo akakusanya zana zake, akamsogelea. “Mayu, lakini wewe na mimi tunajua. Dhahabu haikimbii.”

“Fundi, apa tena, safari hii usiape kwa mama yako.”

Akaapa kwa sururu yake, na hicho ndicho kiapo alichokitunza.

Uwanja ulipokuwa mtupu kabisa, Paskalina akachota maji kwenye kopo, akaingia kwenye choo chake. Magunia yalikuwa mapya, yananukia mahindi. Mihayo alikuwa ameacha upenyo upande wa nyuma, na kupitia upenyo huo ulionekana mpapai na saruji ya kaburi. Akachuchumaa. Ndipo ilipomjia ile ahadi ya sokoni, ya kijana mwenye meno mazuri na viatu vibovu, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika magunia asianguke, na katikati ya kicheko akajikuta analia, kilio chote kile ambacho hakukilia siku ya duara. Hakujizuia. Alilia mpaka kikaisha, akajifuta uso kwa upande wa kanga.

“Makoye,” akasema kwenye upenyo, “nimekaa.”