Manowari Aliyonyang'anywa Binti Yangu

Uvumilivu wangu uliisha mbele ya sahani ya vitumbua. Vitumbua vyangu mwenyewe, juu ya meza ya darasani, na kikadi chenye jina la binti yangu na maneno: "Chakula cha kwao."

Nilikuwa nimekuja kumchukua shuleni, Jumatano. Ijumaa kila mtoto angesimama mbele ya wazazi aeleze maisha ya meli ya zamani aliyoichagua. Wangu, miaka tisa, alichagua manowari ndogo ya mbio, ya siku za mwisho za Malkia Victoria. Kaisoma kwenye kompyuta ya maktaba, kaiunda kwa maboksi, dohani tatu. Nikipika, ananifuata na Kiingereza chake: ilivyotikisika, mabaharia walivyolala wamelowa, vita vizima inakwenda na kurudi kulinda meli za wengine, kisha ikauzwa chuma chakavu.

"Hata asante hawakuiambia?"

"Mama, ni meli."

Jumatatu akarudi analia. Mwalimu kampa meli mtoto mwingine, wangu kamwambia aeleze kitu cha kwao.

Nikapika vitumbua, nikampa ampelekee mwalimu. Kwetu humwendei mwalimu na lawama mikono mitupu. Unamlainisha kwanza, ndipo unasema. Mwalimu akaelewa nimekubali.

"Vitamu kweli," akaniambia Jumatano ile. "Watoto watavipenda."

"Vilikuwa vyako, mwalimu. Meli ya mwanangu iko wapi?"

"Anayo mwenzake. Yeye ana utamaduni mzuri wa kutueleza."

"Kazaliwa hapa hapa, Lewisham. Meli yenyewe imeundwa hapo ng'ambo ya mto, unafika kwa basi. Sasa kwao wapi?"

"Mama, punguza sauti," mwalimu akasema.

Sikupunguza. Nikateremka ofisini kwa mwalimu mkuu. Karani akaniambia nije wiki ijayo. Nikamwomba kalamu, nikaandika palepale nimesimama, mtoto kanishika koti:

"Mwalimu Mkuu, nalalamika rasmi. Mwalimu wa binti yangu amemnyang'anya kazi aliyoifanya kwa mikono yake, akampa mwingine, kwa kuwa wazazi wake wametoka Afrika. Mimi nimetoka Tanga. Yeye ni wa hapa. Nataka arudishiwe manowari yake leo, na Ijumaa asimame yeye aieleze, tangu kuundwa hadi kuvunjwa. Jibu nalitaka kwa maandishi. Nasubiri hapa nje ya mlango wako."