Maoni ya Milojka Chini ya Ripoti ya Ludvik

Jumatano, tarehe 12 Juni 2019. Asubuhi manyunyu, mchana jua la kuchoka, jioni mawingu yamekaa juu ya mlima wetu, Ostri Rob, kama kilemba. Theluji ya Mei, iliyochelewa mwaka ule na kuanguka kwa wingi, ilikuwa bado inaonekana katika korongo la kaskazini. Ulihitaji tu kusimama darajani Tolmin na kuinua shingo.

Siku hiyo Ludvik Rutar, fundi wa mapaa, aliweka ripoti yake kwenye jukwaa la mtandaoni la chama chetu cha wapanda milima. Ilikuwa fupi, na picha moja: "Ostri Rob kupitia korongo la kaskazini. Matembezi ya baada ya chakula. Juu kuna hewa kidogo. Theluji ipo, haisumbui. Vifaa vya kawaida."

Mtu wa bonde letu akisoma hivyo hutabasamu na kutikisa kichwa, kwa sababu anajua. Kwetu anayejisifia mlima haalikwi tena. Mpandaji hodari huandika kama mtu aliyetoka kununua mkate, na kadiri mlima ulivyomtoa jasho ndivyo maneno yake yanavyopungua. Ludvik, ambaye hakuna mpandaji anayemshinda kuanzia hapa hadi Kobarid, huandika maneno machache kuliko sisi sote. Hilo lilitutosha wakati tulipokuwa tunasomana sisi kwa sisi. Lakini jukwaa linasomwa hadi pwani na hadi Maribor, na watu wa huko husoma yaliyoandikwa.

Milojka Skočir ndiye aliyeanza kuwasomea yasiyoandikwa.

Amefanya kazi katika kiwanda cha jibini maisha yake yote ya utu uzima, akigeuza magurudumu ya jibini rafuni, na mikono yake inajulikana: katika sherehe za chama hakuna mwanamume anayekaa naye mezani kushindana mikono mara ya pili. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtu wa pili kwenye kamba ya Ludvik. Ludvik mbele, yeye nyuma, ameishika kamba na kumtazama visigino. Korongo la kaskazini nalo walilipanda hivyo mara nyingi, yeye akiachia kamba na kuhesabu mita. Watu walisema yao, maana watu lazima waseme. Stanko, mumewe, anayeogopa hata ngazi ya dari, alikuwa anawapikia frika, viazi vya kukaangwa na jibini, na kuwangoja mlangoni. "Mwacheni," aliwaambia wasemaji. "Mke wangu anamshika Ludvik asianguke. Mimi ananishika nisinenepe. Na kazi hii ya pili ndiyo imemshinda."

Kisha goti la Milojka likaisha. Daktari alimwekea chuma na kumwambia kuwa ngazi za nyumbani zinamtosha. Milojka hakulia mbele ya mtu. Alianza kusoma ripoti za jukwaani kila jioni baada ya kuosha vyombo, zote, hata za matembezi ya watoto wa shule, na chini ya nyingi akaandika maoni. Chini ya ripoti za Ludvik aliandika zaidi: "Wageni, mjue kwamba hewa kidogo ya Ludvik ni genge pande zote mbili." Au: "Anaposema kupanda kwa raha, maana yake mikono inahitajika. Mbwa abaki nyumbani."

Alikuwa na kanuni yake, na aliniambia siku moja tukingoja mkate: "Mimi siandikii aliyerudi. Aliyerudi amesharudi, Mungu ambariki. Naandikia atakayekwenda kesho."

Ludvik hakuipenda kanuni hiyo hata chembe. Kwake ripoti ni kama mtu kukuvulia kofia njiani: nawe unavua, unapita, humfuati kumuuliza kofia kainunua wapi. Na alikuwa na hoja ya kweli. Majira ya kuchipua, mwanachama mmoja aliyefiwa na mkewe alipanda kilima walichokipenda wote wawili, akaweka picha ya mshumaa aliouwasha kileleni. Mtu asiyemjua akaandika chini yake: "Kofia ngumu iko wapi?" Wengine wakarukia, wengine wakabishana, na mfiwa akaifuta ripoti yake, hajaandika tena mpaka leo. Hapo Ludvik alileta hoja kwa chama: maoni yafungwe. Kila mtu aweke ripoti yake, wengine wasome, wanyamaze.

Mkutano ulipangwa Ijumaa tarehe 14. Mwenyekiti wetu, Cveto Leban, mtu mwenye kupenda amani hadi inachosha, aliwaomba wanachama wote wasiandike maoni yoyote hadi kura ipigwe, hoja isije ikaharibika kwa hasira. Milojka naye alitoa neno lake kwamba atanyamaza. Kwake lilikuwa jambo zito, maana kura ile ikipita, mlima ungemwishia kabisa. Hakuwa na njia nyingine ya kuufikia.

Alhamisi asubuhi, chini ya ripoti ya Ludvik, kukatokea swali. Alikuwa mtu wa Koper, huko pwani, aitwaye Edvin, hatumjui: "Habari zenu. Jumamosi tunatimiza miaka ishirini ya ndoa. Mke wangu hajawahi kupanda lakini ni mkakamavu. Nadhani matembezi haya yanatufaa. Viatu vya mazoezi vinatosha?"

Saa zikapita. Tulilisoma wote, najua, kwa sababu hesabu ya wasomaji inaonekana pale juu. Hakuna aliyejibu. Wengine waliliheshimu agizo la Cveto, wengine walimwogopa Ludvik, na wengine tuliwaza kuwa Ludvik mwenyewe atajibu.

Milojka alitoka kazini mchana, hakupitia nyumbani. Ludvik alikuwa anaezeka paa la nyumba karibu na kanisa. Alisimama chini na fimbo yake.

"Ludvik! Shuka!"

"Panda wewe!"

"Usinichokoze, nitapanda na goti hilihili, uje uwaeleze watu nilikufaje. Umeliona swali la yule wa Koper?"

"Nimeliona."

"Na hujamjibu."

"Ripoti imesema yote. Anayejua kusoma na asome."

"Anasoma Kislovenia, baba, hasomi Kiludvik! Wewe ulivaa nini siku ile?"

Nyundo ikagonga mara mbili.

"Vifaa vya kawaida," Ludvik akasema.

"Kawaida yako ni meno ya chuma viatuni na shoka la barafu mkononi. Kawaida yake ni viatu vya kukimbilia ufukweni! Anataka kumpandisha mkewe kwenye barafu siku ya ndoa yao."

"Akifika mdomo wa korongo ataona mwenyewe. Atarudi."

"Wangapi wanarudi wakishafika, na mke anatazama? Wewe ungerudi?"

Fundi msaidizi wa Ludvik, mtu mzima mwenye ndevu, akaanza kucheka huko juu. Ludvik akamkata jicho.

"Tumekubaliana kunyamaza hadi Ijumaa," akasema. "Nawe ulitoa neno lako, Milojka. Mbele ya watu. Ukiandika leo, kesho nitasimama niseme: mnaona? Hata siku mbili hawezi kuufunga mdomo. Na kura nitaishinda."

"Basi jibu wewe."

"Mimi sijibu maoni. Hilo ndilo ninalolipigania, mwanamke wee!"

Milojka alisimama kidogo, akamtazama visigino kama zamani. Kisha akageuka akaenda zake, fimbo ikigonga mawe.

Stanko anasema mkewe hakugusa chakula. Alikaa mbele ya kompyuta na koti lake la kiwandani bado mwilini, akijua kila neno atakaloandika linampunguzia kura. Akaandika hivi:

"Ndugu Edvin, hongereni kwa miaka ishirini. Msiende korongo la kaskazini Jumamosi. Aliyeandika ripoti hii ni mpandaji bora tuliye naye, na alikuwa na meno ya chuma na shoka. Juu kuna mteremko wa barafu wa mita arobaini; ukiteleza pale hakuna cha kukushika. Nendeni kibanda cha malishoni kwa njia ya kusini, yenye alama nyekundu. Ni saa mbili, kuna maua, na supu ya pale ni nzuri. Kilele kinaonekana vizuri ukiwa umekaa. Naomba radhi kwa chama, niliahidi kunyamaza."

Ijumaa ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye madirisha. Milojka aliketi nyuma, karibu na mlango, kama anayejua atatoka mapema. Cveto alikohoa, akapanga karatasi zake, akasema hoja inajulikana, mwenye hoja aisimamie.

Ludvik akasimama. Alikuwa amechapisha maoni yale kwenye karatasi, na akayasoma kwa sauti, yote, polepole, hadi pale penye radhi. Watu walishusha macho. Mimi niliona mkono wa Milojka ukikaza fimbo.

"Alivunja neno lake," Ludvik akasema. "Mmesikia wenyewe."

Akakunja karatasi.

"Na kuna kosa moja humu. Mteremko ule si mita arobaini. Ni hamsini. Nami pale juu nilipiga magoti, nikatambaa." Akatazama dari, kama anayekagua kazi ya fundi mwingine. "Jana jioni nilijaribu kumjibu yule bwana mwenyewe. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Kila nikimaliza ilikuwa imerudi kuwa matembezi ya baada ya chakula. Sijui kuandika vile. Yeye anajua. Hoja yangu naiondoa."

Fundi mwenye ndevu akapaza sauti kutoka dirishani: "Ludvik katambaa! Andikeni kwenye kumbukumbu!" Ukumbi ukavunjika kwa vicheko. Cveto, kwa kuogopa furaha isije ikageuka ugomvi, alipitisha haraka jambo dogo ambalo Milojka mwenyewe alilitaka: ripoti ya kumbukumbu ya marehemu isiandikiwe kitu chini yake isipokuwa pole. Mengine yaachwe wazi.

Walipotoka, Ludvik alimfungulia mlango. "Miaka kumi na tisa," alisema, "hukuwahi kuniambia kwamba maneno yangu hayaeleweki."

"Nilikuwa nyuma yako, Ludvik. Sikuhitaji maneno."

Nimeishi bondeni hapa maisha yangu yote, nimeona vikombe na nishani za wapandaji kwenye kabati la chama. Jioni ile ndiyo ninayoitaja mgeni akiniuliza sisi ni watu gani.

Jumamosi asubuhi kulipambazuka wazi, upepo mwembamba wa kaskazini, kilele cheupe juu ya mapaa. Milojka aliamka kabla ya Stanko, akajichemshia kahawa, akafungua jukwaa. Edvin alikuwa ameandika kwamba wako njiani kwenda kibandani, mke anaulizia hiyo supu. Juu yake, ripoti ya Ludvik ilikuwa imerekebishwa. Palipokuwa na "vifaa vya kawaida" pameandikwa "meno ya chuma, shoka la barafu, kofia ngumu," na mwishoni: "Mteremko wa barafu, mita hamsini. Someni maoni ya Milojka."

Milojka alisoma mara mbili, akavaa miwani vizuri, akaandika chini yake:

"Ni arobaini. Kamba niliishika mimi."

Kisha akatoka na ndoo kumwagilia saladi.